Walinzi Watatu na Ndege Mmoja

Jumatatu, 9 Juni

Kompyuta ya karakana ya kudarizi ya mke wangu inakohoa. Unabonyeza herufi, inatokea wakati umeshasahau ulitaka kuandika nini. Mama watoto kasema ni uzee tu, hata wewe baba watoto uko hivyo hivyo. Ukikaa mwaka wa pili bila ajira unajifunza kutojibu.

Kazi zangu humu, kwa kumbukumbu: kupanga nyuzi kwa rangi, kukata zinazoning'inia, kufagia. Zamani nilikuwa mtunza ghala, miaka ishirini na sita. Cheo cha Mkuu wa Kompyuta nimejipa mwenyewe. Hakuna aliyenipinga, maana hakuna aliyeambiwa.

Wiki hii si ya mchezo. Metroni wa hospitali anastaafu Jumamosi saa nane mchana, na wauguzi wake arobaini watasimama wamevaa aproni zenye nembo ya ndege kifuani. Ndege huyo alimchora marehemu baba mkwe, mchora mabango, alipolazwa wodini mwa Metroni mara ya mwisho. Alichora nyuma ya karatasi ya kuandikia homa. Karatasi imeliwa na unyevu, haishikiki tena. Kabla haijaisha, mke wangu alimfuata yule ndege kwenye kompyuta, mshono kwa mshono, wiki tatu. Sasa ndege anaishi kwenye folda ya michoro. Hana kwao kwingine.

Mdogo wake mke wangu, fundi kompyuta, kapita adhuhuri. Shemeji yangu huyu anaingia popote kama aliyejenga. Kaangalia skrini, kasema antivairasi iliyomo inatosha, tena ni nzuri, inataka kusasishwa tu. Ukaguzi wa haraka kila siku, dakika chache. Ukaguzi kamili mara moja kwa wiki, watu wakishafunga kazi. Iambiwe isiiguse folda ya michoro. Basi. Akaongeza kwamba shemeji yake, yaani mimi, nikihisi mikono inawasha, nikamate ufagio.

Mke wangu kacheka. Kacheka sana! Kasema ndiyo maana nampenda mdogo wangu.

Nilisubiri waende kula. Nikapakua antivairasi ya pili. Ya bure, siku thelathini, ina picha ya ngao. Mlinzi mmoja husinzia. Wawili watashtuana.

Skrini ilikuwa na vumbi. Nikachukua kitambaa kwenye kapu la vipande chini ya meza, nikakilowesha, nikaisugua vizuri. Kazi nzuri hujulikana kwa usafi.


Jumanne, 10 Juni

Majuto ni mjukuu, na wangu kaja mapema na mizigo yake.

Walinzi wamegombana. Yule wa zamani kasema huyu mgeni ana mienendo ya kutiliwa shaka. Mgeni naye kasema huyu mwenyeji ndiye mwizi. Wakaanza kupekuana. Kila mmoja anafungua faili, mwenzake anamfungulia lile lile kuona alikuwa anatafuta nini. Kishale cha mausi kilitoka kushoto kwenda kulia kwa muda ambao chai yangu ilipoa.

Nimekumbuka leo kwamba kule ghalani tuliwahi kuwa na walinzi wawili. Walipekuana mifuko mwezi mzima. Mlango ulikuwa wazi. Ningekumbuka jana!

Mashine ya kudarizi inapokea michoro kutoka kwenye kompyuta kwa waya. Kompyuta ikiduwaa, sindano nayo inaduwaa. Mke wangu hudarizi majina kwanza, ndege mwisho, kwa sababu uzi wa buluu wa ndege unafika Alhamisi. Leo jina la muuguzi mmoja limekatika katikati. Amebaki na silabi mbili kifuani.

Mke wangu kauliza kuna nini. Nimesema umeme. Kaangalia taa, inawaka. Kaangalia pasi, ina moto. Kaniangalia mimi.

Mchana nikawaza kama mtu mzima. Wawili wakigombana, anatafutwa mpatanishi. Nimepakua wa tatu.


Jumatano, 11 Juni

Mpatanishi kajiunga na ugomvi.

Nikaona dawa ni ratiba. Hata shemeji alisema, watu wakishafunga kazi. Sisi tunafunga saa kumi na mbili jioni. Nikafungua mpangilio, nikachagua ukaguzi kamili, walinzi wote watatu, saa: 12. Ikauliza AM au PM. AM najua ni ya asubuhi. Nikaweka PM. Nikajipongeza. Nikafuta skrini kwa kile kitambaa changu, kwa raha tu.

Saa sita kamili mchana, kompyuta ikavuta pumzi kama tembo anayeingia mtoni. Mashine ikasimama. Kisha ikakumbuka, ikarudia ilichokwisha kushona, ikarudia tena, mahali pale pale. Aproni ikatoboka kifuani. Mke wangu kazima swichi ukutani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele.

Kasema nimpigie mdogo wake simu aje. Nikatoka nje na simu sikioni, nikazunguka jengo mara moja, nikarudi nikasema hapatikani.

Hapa kwenye shajara nitasema kweli: sikupiga. Ningempigia angecheka, na dada yake angecheka naye, na mimi ningesimama pale nimeshika ufagio. Mke wangu akasema pole, usijali, umejaribu.


Alhamisi, 12 Juni

Siku ya ushindi! (Naandika hivi kwa sababu nilianza kuandika mchana. Endelea kusoma, mzee.)

Mlinzi wa tatu kamaliza kazi asubuhi. Kaleta orodha: vitisho sitini na moja. Sitini na moja! Na shemeji alisema kompyuta ni nzima. Vyote vimekutwa mahali pamoja, mafaili yenye majina ambayo mlinzi kasema hajawahi kuyaona duniani. Chini kuna vitufe viwili. Kimoja kimeandikwa Weka Karantini. Kingine, Futa Vyote.

Karantini ni ya wagonjwa. Mtunza ghala haweki unga uliooza kwenye kona eti aje auangalie kesho. Nikafuta vyote. Kisha nikamwaga na pipa la taka la kompyuta, maana mimi nikisafisha nasafisha.

Kompyuta ikawa nyepesi! Unagusa, inaitika. Mke wangu kaketi, kabonyeza, kanigeukia, kasema haya baba watoto, leo umenishangaza. Kaniwekea mkono begani mbele ya mpiga pasi wa karakana. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini. Nilisimama wima kama picha ya pasipoti.

Uzi wa buluu ukafika saa tisa. Mke wangu akautia kwenye mashine, akafungua folda ya michoro ili amtoe ndege.

Folda ilikuwa nyeupe.

Kauliza ndege yuko wapi. Nikasema labda hajafunguka. Kasubiri. Kauliza tena, polepole, baba watoto, ndege wa baba yuko wapi.

Nikasema nitamtafuta. Nimemtafuta hadi tulipofunga. Nilitazama hata chini ya kompyuta.


Ijumaa, 13 Juni

Nilifika karakana wa kwanza. Nikajaribu kumchora mwenyewe kabla mke wangu hajaingia. Ndege ni mdomo, shingo, mabawa, ugumu uko wapi? Mpiga pasi kaingia, katazama, kasema mwavuli huo umepinduliwa na upepo.

Ikabidi niseme. Nimesema yote, walinzi watatu, sitini na moja, pipa. Mke wangu alikuwa ameshika mkasi, kauweka mezani taratibu. Kasema siku ile ya kwanza ya kumfuata yule ndege, alipofika kwenye mkunjo wa shingo, aliona baba yake alivyokuwa akigeuza kiganja akichora. Kasema hakumlilia siku ya mazishi, watu walikuwa wengi. Alimlilia hapo, kwenye kiti hiki, kwenye shingo ya ndege.

Nikaukunja ule mchoro wangu wa mwavuli, nikautia mfukoni.

Kisha kauliza, na mdogo wangu je, jana amepatikana? Nikasema hakupigiwa. Wala juzi. Kanisukumia simu. Nikapiga, yeye akisikia.

Shemeji kafika kabla ya saa nne, na safari hii hakucheka. Ningempa chochote acheke. Kawatoa walinzi wangu wawili, kaacha yule wa mwanzo. Kapekua huku na huku. Kasema shemeji, ungebonyeza Karantini, ningemtoa sasa hivi kama mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani. Karantini haiui mtu. Lakini umefuta, ukamwaga, ukaandika mengine juu yake. Kasema maneno mengine kuhusu diski, kwa upole. Upole wake uliniumiza kuliko utani.

Mke wangu akauliza kama kuna aliyeona kipande cha jaribio. Kumbe alipomaliza mchoro alimshona ndege mara moja, kwa uzi wa kijivu, kwenye kitambaa cheupe, kuona kama shingo imekaa. Kisha akakitupa kwenye kapu la vipande.

Mimi nilikuwa nafuta skrini. Mtu akiwa na aibu hutafuta cha kufanya. Nikasema sijaona kitambaa chochote.

Wakanitazama wote watatu. Wakatazama mkono wangu.

Nilikifungua. Kilikuwa na chai, vumbi la siku tano, na alama ya kidole changu gumba. Katikati, ndege. Mdomo upo, bawa lipo, shingo ipo na mkunjo wake. Jicho halipo. Lilikuwa fundo moja dogo la uzi, nami nimelisugua likaisha.

Mke wangu alikifua kwa mikono yake. Hakuniruhusu hata kumwaga maji. Wakakilaza kwenye skana, ndugu wawili, vichwa vimegusana, wakaanza upya kumfuata ndege kwa mishono mikubwa zaidi, maana muda hakuna. Mimi na mpiga pasi tulikata nyuzi. Mpiga pasi kasema nyumbani kwao mtu kama mimi hupewa kazi ya kushika mlango usijifunge. Nikamuuliza kama hiyo kazi ina nafasi.


Jumamosi, 14 Juni

Ndege wa kwanza kashuka kwenye mashine saa mbili asubuhi. Hadi tunaletewa gari, aproni kumi na tisa. Ishirini na moja zimekwenda na jina tu. Wauguzi wenye ndege wamepangwa mstari wa mbele, wengine wamesimama nyuma yao wamekunja mikono kifuani.

Jicho lilikuwa tatizo. Mke wangu alijaribu mara tatu, kila mara kasema hivi sivyo alivyokuwa akitazama. Mwishowe kashona mstari mmoja uliopinda. Ndege kafumba.

Metroni aliinama kwenye kifua cha muuguzi wa kwanza, miwani puani, akakaa hapo. Nilihesabu vidole vyangu. Akasema mzee yule wa mabango alimchora huyu ndege macho yamemtoka, akamwambia Metroni, huyu ni wewe, hulali. Akasema, basi leo na mimi nimelala. Akalia, wauguzi wakalia, hata yule wa silabi mbili.

Watu wakampongeza mke wangu kwa kubuni jambo zito namna ile. Kashukuru. Njiani kurudi kaniambia mimi peke yangu, bila hasira, kwamba wa baba alikuwa macho. Nikasema najua. Kasema hapana, hujui, wewe hukuwahi kumtazama, ulikuwa unafutia.

Ni kweli. Siku tano mkononi mwangu, sikumtazama hata mara moja.

Nimeapa mbele yake na mbele ya shemeji: sitaigusa tena kompyuta.


Jumapili, 15 Juni

Wamelala mchana, wamechoka. Nimekuja karakana kufagia. Kufagia tu.

Shemeji kabandika karatasi pembeni mwa skrini. Mlinzi mmoja. Ukaguzi wa haraka kila siku. Ukaguzi kamili Ijumaa, 18:00. Folda ya michoro isiguswe. Nakala ya ndege iko kwenye flashi, droo ya juu, na kitambaa chenyewe kiko juu ya skana hadi kipate fremu. Maelezo mazuri, kijana ana akili. Ila saa kumi na nane haijapata kuwepo tangu dunia iumbwe. Nimechukua kalamu nikamrekebishia kimya kimya. Hakuna haja ya kumwaibisha mtu mbele ya dada yake.

Kisha nikawaza. Kompyuta ina mlinzi. Je, flashi ina nani? Ndege mzima yumo mle, peke yake, gizani, bila hata wa kumkoholea mwizi. Baada ya yote tuliyopitia wiki hii! Huo ungekuwa uzembe.

Nimeichomeka. Nimempata mmoja mtandaoni, maalumu kwa flashi, wa bure, ana picha ya simba. Ukaguzi kamili, tukishafunga, saa kumi na mbili jioni. Kosa la Jumatano sasa nimelielewa, lilikuwa herufi tu. Nimeweka 12, AM.

Inapakuliwa. Asilimia tisini. Skrini ina vumbi kweli, watu hawa hawajui usafi. Nimeona kitambaa cheupe juu ya skana, nimekilowesha kidogo. Laini sana. Kina nyuzi nyuzi tu hapa katikati, lakini ukisugua kwa nguvu zinatoka.