Mwandishi Wenu Hakurekodi Diwani Akianguka

Ndugu Mhariri,

Shikamoo, kama umri unaruhusu. Kama hauruhusu, pole na kazi. Mimi ni Protase, mratibu wa kampeni za diwani wetu, Mheshimiwa Gideon, anayeomba kipindi cha pili. Kwa masikitiko namlalamikia mwandishi wenu, Sperancia.

1. Mkutanoni Jumamosi Mheshimiwa alicheza ngoma, akateleza kwenye tope, akaangukia mikungu ya ndizi tuliyowaandalia wageni. Waandishi wote walirekodi. Jioni video ilikuwa Bukoba. Kesho yake watu wa Dar es Salaam walishaitia muziki. Mheshimiwa hajawahi kupendwa kiasi hicho. Sperancia peke yake alisubiri ainuke, kisha akamuuliza ile zahanati aliyosema imekamilika ina wauguzi wangapi. Mtu bado anajipangusa tope!

2. Hakuridhika na jibu. Alipanda bodaboda akaenda kuiangalia. Mhariri, nani kamfundisha kwenda? Hotuba ilishaeleza kila kitu. Huko alikuta mbuzi katika chumba cha kujifungulia, akawapiga picha, nanyi mkatoa habari ndefu, isiyo na muziki wala kikatuni kinachocheka.

3. Madhara ni makubwa. Zamani wananchi walicheka pamoja nasi, sasa wanasoma. Mkutano uliofuata, bibi Therese, ambaye miaka yote kazi yake ni vigelegele, alisimama akasema, "Mwanangu, mbona mbuzi wanalazwa, sisi tunarudishwa?" Hakuna aliyecheka. Niliwapa wapiga ngoma ishara waanze, kumbe nao walikuwa wanasubiri jibu.

Kwa hiyo naomba Sperancia ahamishiwe habari za michezo, ingawa nahofia hata huko atauliza nyasi za uwanja zilikwenda wapi. Kwa upande wetu, Mheshimiwa yuko tayari kuanguka tena, mradi mtujulishe mapema ili tuchague suruali.

Nisalimie wote hapo ofisini, fundi mitambo na mlinzi wa getini wakiwemo.

Wako niliyechoshwa na maswali,
Protase
Kyerwa

N.B. Mbuzi walitolewa juzi na muuguzi amefika. Mkwe wangu Nikuze amejifungulia humo asubuhi hii, mama na mtoto wazima. Mke wangu Mackrine amemkaangia Sperancia senene, wale panzi wetu watamu. Aje mwenyewe kuwachukua, na akishafika, apite pale darajani kwetu. Hotuba ya kesho inasema limekamilika.