Vita vya Lori la Bluu Siku ya Kabichi

Enyi wakazi wa Dolbat, kaya arobaini na mbili mlioko juu ya mlima na chini ya mlima, wekeni visu vya kabichi, futeni mikono, zimeni televisheni, mje mkae! Nanyi mlio mbali, wana wa kijiji mliokimbilia mijini mkatuachia mashamba na magoti mabovu, tegeni sikio. Nasimulia mimi, Pyo In-gap, mwenyekiti wa kijiji kwa mwaka wa kumi na moja, mshika kipaza sauti cha ukumbini, sauti inayowaamsha nyote saa kumi na mbili asubuhi mpende msipende. Nasimulia vita ambavyo babu zetu hawakuviona wala wajukuu wetu hawatavisadiki, vita baina ya mtu mmoja na injini moja. Nimeshakohoa, koo liko safi, naanza.

Alikuwako, na bado yuko, Gwak Deok-su wa Kofia Nyekundu, mwana wa Gwak mpasua mawe, mwenye miaka sabini na mmoja na goti moja zima, ambaye bisibisi haimtoki mfukoni hata akienda mazishini. Na Deok-su alikuwa na lori. Lori la bluu la tani moja, la miaka ishirini na sita, lililobeba mavuno ya kabichi ishirini na sita, ndama wasio na idadi, kabati la harusi ya mwanawe Tae-gon, na siku ya mafuriko yale makubwa likabeba bibi watano na mbuzi kwa mkupuo mmoja. Kutu ilikuwa imelila sakafu hata dereva, akiinamisha macho, huiona barabara ikipita chini ya kiatu chake. Deok-su alilipenda kwa mapenzi ambayo sijapata kumwona akiyaonyesha hadharani kwa kiumbe mwingine yeyote.

Lakini juu ya lori hilo hukumu ilikuwa imekwisha kutamkwa. Aliyeitamka ni Ma Sun-rye, mkewe, malkia wa chumvi na pilipili, ambaye neno lake hapa Dolbat halikatiwi rufani. Mwezi wa nne lori lilizima njiani akipelekwa kung'olewa jino, naye akasimama kando ya barabara saa mbili nzima, shavu limevimba, upepo wa mlimani ukimpiga. Aliporudi alibandika kwenye friji namba ya simu ya mnunuzi wa chuma chakavu.

"Baba Tae-gon, sikiliza vizuri, pengo la jino linaniuma, sirudii," alisema. "Siku hili lidude lako likikataa tena kuwaka, napiga hii namba. Watakuja, watalibeba, watalikandamiza liwe kama mkeka. Na usije ukanililia."

Tangu siku hiyo, kila alipofungua friji kuchukua yai, Deok-su alikutana uso kwa uso na kifo cha lori lake.

Basi ikawa, mwezi wa kumi na moja ukielekea ukingoni, siku ile ambayo kijiji kizima hutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachushwa kwa chumvi na pilipili, ya kuvukia baridi. Kabichi mia mbili na themanini, zilizolala kwenye chumvi, zikaoshwa, zikachujwa maji, zilikuwa zimepangwa mgongoni mwa lori uani kwa Deok-su. Chini bondeni, ukumbini, wanawake kumi na wanne walikuwa wamekaa mbele ya vilima vya pilipili iliyopondwa, glavu mikononi, wakingoja. Kati yao na kabichi palikuwa na mteremko wa barafu ambao mkokoteni haushuki salama. Na pale uani, katika sufuria kubwa ya chuma, nyama ya nguruwe ilikuwa ikitokota, kwani kimchi mpya hailiwi peke yake.

Deok-su akapanda. Akavuta kofia. Akatia ufunguo, akauzungusha kama afanyavyo kila siku.

Nyeng'e, nyeng'e, nyeng'e, ilisema stata kwa nguvu zake zote. Injini haikusema neno.

Akarudia. Nyeng'e, nyeng'e, nyeng'e. Stata iliimba hata mbwa akaitikia, betri haikuchoka, lakini moshi haukutoka hata wa kuwasha jicho. Nami niliyekuwa nimesimama getini, niliyekuja kuuliza kabichi zimekwama wapi, niliuona uso wa shujaa ukibadilika rangi. Sun-rye aliinua kichwa kutoka kwenye sufuria. Alikuwa amevaa glavu za mpira za rangi ya waridi, na mkononi alikuwa na kijiti kimoja cha kulia chakula.

"Limekataa," alisema.

"Halijakataa," Deok-su akajibu. "Linafikiri."

"Basi lifikiri haraka." Akachoma nyama kwa kijiti, kijiti kikagoma. "Bado ngumu. Nakupa mpaka hii nyama iive. Kijiti kikipenya, navua glavu, nashika simu. Mwenyekiti, wewe shahidi."

Nikainamisha kichwa kwa heshima. Ningefanya nini kingine?

Hapo ndipo alipotokea, bila kuitwa, kama kawaida yake, Bae Chil-bok wa Koti la Jeshi, jirani wa upande wa mashariki, ambaye anayasikia matatizo ya gari la mwenzake kutoka umbali wa mashamba matatu. Alisimama katikati ya ua, akapanua miguu, akahutubia.

"Ondokeni hapo! Mimi jeshini nimekaa na malori makubwa kuliko hii nyumba yenu. Hii kitu haina siri. Baridi ya leo, dizeli imeganda kwenye filta. Leteni maji ya moto, mmwagie, liwake, twende tukale."

"Shemeji," alisema Sun-rye bila kugeuka, "jeshini ulikuwa mpishi."

"Mpishi wa kikosi cha malori!"

Nakiri mbele ya historia kwamba mimi nilimwamini Chil-bok. Nakiri zaidi kwamba birika lilikuwa langu. Injini ya lori lile iko chini ya viti; tukainua kiti cha abiria, nikamwagia filta maji ya moto kwa madaha ya kuhani, mvuke ukapaa, kofia nyekundu ikapotea ndani ya wingu. Chil-bok akapiga stata. Nyeng'e, nyeng'e, nyeng'e. Tulichopata ni viatu vilivyolowa.

Sun-rye akachoma nyama. Kijiti kikaingia nusu.

Wanawake wawili walikuwa wamepanda kutoka ukumbini kuona kulikoni, nao wakakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa na kuanza kutoa maoni. Chil-bok alikuwa tayari ameanza nadharia ya pili, kisha ya tatu. Na Deok-su, mpole kuliko sisi sote, aliinua mkono wenye bisibisi. Nimewaona wanaume wengi wakiinua mikono katika mikutano yangu, ila huu ulikuwa mkono wa mtu aliyeamua.

"Nyamazeni nyote," alisema. "Mnaongea kama lori ni la kwenu. Injini ya dizeli haitaki mengi. Inataka izungushwe, na inazunguka, wote mmesikia. Inataka hewa, hewa iko bure. Inataka dizeli. Sasa tutaitafuta dizeli, kuanzia kwenye tangi mpaka mlangoni kwake, na palipokatika ndipo mchawi alipo. Chil-bok, kaa kwenye usukani. Na mdomo ukae nao."

Ndipo ilipoanza ile safari ambayo mimi naiita kuu. Akagonga tangi kwa ngumi. Likajibu kwa sauti nzito ya tumbo lililoshiba. Akapiga tochi ndani ya mdomo wa mrija wa hewa. Hakuna jani, hakuna kiota. Akakandamiza kwa kiganja kile kitufe cha pampu ya mkono juu ya filta, mara moja, mara mbili, mara kumi, hata kikawa kigumu, ishara kwamba dizeli imefika hapo na hapana hewa njiani. Kisha akatwaa spana ya kumi na saba, akalegeza nati ya bomba jembamba linalopeleka dizeli kwenye nozeli ya kwanza, ile inayoinyunyiza ndani ya injini, akaweka kidole chini yake.

"Piga!"

Nyeng'e, nyeng'e, nyeng'e. Kidole kilibaki kikavu.

"Nati ya pili. Piga!"

Kikavu vilevile.

"Basi," Deok-su alisema taratibu, na macho yake yalikuwa yakimetameta, "dizeli inaingia kwenye pampu, lakini haitoki. Kuna mlango ndani haufunguki. Ukiwasha swichi, kuna kidude kidogo cha umeme kinavuta, mlango unafunguka, kinalia tak. Miaka ishirini na sita nakisikia. Leo sijakisikia. Nataka kimya."

Kimya, enyi wakazi! Je, mnajua kimya ni kitu gani siku ya kabichi? Vipaza sauti vyangu juu ya nguzo vilikuwa vikipiga muziki wa furaha tangu alfajiri, kwa amri yangu mwenyewe. Nilipiga simu ukumbini. Muziki ukakatika bonde zima. Wanawake kwenye ndoo wakaziba midomo, Sun-rye akafunika sufuria, mbwa akatazamwa vibaya mpaka akalala. Deok-su akapiga goti lake zima, sikio juu ya injini.

"Washa swichi, usipige stata."

Chil-bok akawasha. Hapakuwa na tak. Palikuwa na upepo tu na nyama ikitokota.

Deok-su akacheka. Nasema kweli, alicheka! Akaushika waya unaotoka kwenye kidude kile, akaufuata kwa vidole, nyuma ya pampu, chini ya bomba, hata nyuma kabisa, kwenye kona ya giza chini ya kiti cha abiria, mahali ambapo mkono wa mtu haujafika tangu mwezi wa nne. Hapo vidole vikasimama. Akaleta tochi. Waya ulikuwa umetafunwa, shaba ikang'aa pande mbili za pengo lisilozidi upana wa ukucha. Kando yake palikuwa na kitanda cha majani ya kabichi na pamba. Adui alikuwa na mkia.

Na juu ya kitanda hicho palining'inia kichwa cha samaki mkavu, mdomo wazi, kimefungwa uzi mweupe.

Kila gari hapa kwetu lina samaki wake, aliyefungwa ili ameze balaa kabla halijamfikia dereva. Gari jipya halitoki getini bila yeye. Lakini samaki wa lori lile alikuwa ameanguka na kupotea miaka mingi iliyopita, na Deok-su hakuweka mwingine. Huyu alikuwa mgeni. Panya alikuwa amemfuata kwa harufu, akamla kuanzia mkiani mpaka shingoni, na alipomaliza samaki akaendelea na waya.

"Nani kafunga samaki hapa?" Chil-bok akapayuka. "Mjinga gani anamwekea panya karamu kwenye injini?"

Deok-su alikuwa akiutazama uzi. Ulikuwa uzi mnene wa kushonea mablanketi, na fundo lilikuwa dogo, limebanwa mara tatu. Alilitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama waya.

"Mimi," alisema. "Nimefunga mimi."

"Mwongo," ikasema sauti nyuma yetu. Sun-rye alikuwa amesimama pale, kijiti mkononi. "Wewe kamba za viatu nakufungia mimi. Nimefunga mimi. Tulivyorudi kutoka kwa daktari wa meno."

"Siku ile ile uliyobandika namba?"

"Usiku wake. Ukiwa umelala." Uso wake ulikuwa mwekundu kuliko pilipili za ukumbini. "Nilikasirika, sikusema life. Unaendesha peke yako kwenye ule mteremko na hilo goti lako... Acha kunitazama hivyo mbele za watu! Unga waya wako!"

Nami mwenyekiti, mtu mzima, nilijifanya kuna kitu kimeniingia jichoni.

Shujaa akaumenya waya kwa meno yake, yale yaliyobaki, akaunga pengo kwa kipande kingine, akausokota, akauzungushia utepe mweusi, akakaza nati alizolegeza. Sun-rye akachoma nyama. Kijiti kikapenya mpaka upande wa pili. Wote tulikiona. Yeye akakichomoa, akakitazama, akasema bado kidogo.

"Washa swichi," alisema Deok-su.

Tak.

"Piga!"

Nyeng'e, nyeng'e, likakohoa, likatema moshi mweupe, likatikisa kabichi zote mia mbili na themanini, kisha likanguruma. Lilinguruma, enyi Dolbat! Wanawake wakapiga sufuria kwa vifuniko, mbwa akazunguka ua mara nne, Chil-bok akatangaza kwamba alijua tangu mwanzo ni umeme. Mikono ya Deok-su ilikuwa nyeusi haiwezi kushika chakula, hivyo Sun-rye alivua glavu moja, akakata kipande cha nyama cha moto, akakivingirisha kwenye jani la kabichi na pilipili, akamtia mdomoni mbele yetu sote. Sikuwahi kuona hivyo kwa miaka yote niliyowafahamu.

Nilishuka nikiwa nimekaa juu ya kabichi, kama jemadari. Nikaingia ukumbini, nikashika kipaza sauti, nikaliambia bonde: "A, a. Moja, mbili. Tangazo. Lori la Deok-su limewaka. Narudia kwa walio mbali: limewaka. Kabichi zimefika, nyama imeiva. Mwenye paka wa ziada, awe mkali, ampeleke kwa Mama Tae-gon leo leo."

Siku ya tatu nilipita kwao kuchukua fungu langu la kimchi. Nilifungua friji mwenyewe, maana tumezoeana. Karatasi ya mnunuzi wa chuma chakavu ilikuwa bado pale, ila imegeuzwa, na mgongoni mwake Sun-rye alikuwa ameandika vitu vya kununua sokoni: chumvi, kitunguu saumu, samaki mkavu mmoja, mkubwa. Na chini kabisa, kwa mwandiko mbaya wa mtu mwenye bisibisi mfukoni, palikuwa pameongezwa: tumfunge pamoja, mbali na waya.