Malalamiko kwa Baba Mkwe Kuhusu Trekta Linalotaka Betri Kinyume

Kwa Baba Mkwe mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana ina mambo ya kusomwa mtu akiwa ameketi. Sisi huku hatujambo sote, isipokuwa trekta.

KUHUSU: MALALAMIKO DHIDI YA TREKTA LAKO NA BINTI YAKO

Mimi mkweo ni karani wa ghala mwaka wa kumi na tisa sasa, na sijapata kumlalamikia mtu bila ushahidi. Ndiyo maana naandika kwa kalamu nyeusi, kwa mpangilio, na bila hasira. Mambo ni haya:

1. Trekta ulilotuachia ulipopumzika kulima limenizidi umri. Hilo silalamikii. Ninalolalamikia ni makabidhiano. Ulinipa ufunguo, ukanipiga bega, ukasema, "Mengine muulize mkeo." Ghalani kwetu hata ufagio haukabidhiwi hivyo.

2. Wiki mbili zilizopita, mvua zimeshaanza, betri ya zamani ilikufa. Nilikwenda mjini nikanunua mpya. Muuza betri alinifundisha kwamba waya wa hasi unafungwa kwenye bodi, yaani chuma cha mashine yenyewe, na wa chanya unakwenda kwenye stata ya kuwashia injini. Nikamuuliza kama ni hivyo kwa mashine zote, akasema zote. Nikaandika kiganjani nisije nikasahau. Niliporudi nikafunga hivyo hivyo, huku binti yako akianika nguo kando yangu. Bila hata kugeuka alisema, "Hilo ni la zamani. Baba hufunga chanya kwenye bodi."

Nilimjibu kwa sauti ambayo majirani wanaiita kubwa lakini mimi naiita ya kueleweka: "Baba yako si fundi wa nyumba hii."

Akabana kibanio cha mwisho, akaingia ndani. Nalalamika rasmi kwamba aliingia ndani. Mke anayejua ana wajibu wa kubishana angalau mara mbili.

3. Trekta liliwaka. Hapa ndipo penye ulaghai wenyewe. Stata ilizunguka upande ule ule wa siku zote, injini ikanguruma, moshi ukatoka panapotoka moshi. Kitu kilichofungwa kinyume kinatakiwa kikatae papo hapo, ili mtu ajirekebishe kabla hajaonekana. Trekta lako lilinipa moyo. Nikalipitisha mbele ya dirisha la jikoni mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimeshika usukani kwa mkono mmoja.

4. Mshale wa chaji, ambao kila siku hulala kulia, ulilala kushoto. Niliona kwamba mshale ndio uliokosea. Fundi redio, jirani yetu, ambaye hutoa ushauri hata asipoombwa, alikuwa anapita na baiskeli yake. Akaegemea uzio, akaniambia nizime kabla sijaunguza kitu. Nikamwambia ashughulike na redio zake.

Nilikuwa nimelima mistari minne wakati kile kiboksi cheusi kinachokaa kati ya betri na dainamo inayoichaji kilipoanza kutetemeka kama mdomo wa mtu anayejizuia kulia. Ikafuata harufu ya mpira ulioungua, kisha moshi, na safari hii haukutoka panapotoka moshi. Nikazima. Nilipokuja kuwasha tena, betri mpya haikuwa na nguvu hata ya kugonga stata. Fundi redio, ambaye hakuwa ameondoka, alinieleza kwamba dainamo ilikuwa inavutia huku na betri inavutia kule, na kiboksi kikaumia katikati. Nikamwambia hali hiyo naifahamu.

5. Leo ni siku ya tisa trekta limesimama katikati ya shamba.

6. Binti yako amechukua jembe la mkono. Hakunigombeza, hakununa, hata mlango hakuubamiza. Alianzia kona ya shamba, mstari kwa mstari, kwa sababu mbegu bado ziko ndani ya nyumba na mvua haingojei mtu apatane na betri. Juzi alilifikia trekta. Akalizunguka kama anavyozunguka kisiki, akaendelea upande wa pili. Sasa limebaki peke yake kwenye kijisehemu cha majani, na kote kumelimwa. Wapita njia humpa pole. Kisha hunitazama mimi, hulitazama trekta, halafu humpa pole tena.

Jana nilimpelekea chai huko huko shambani. Akapokea kwa mikono miwili. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge. Nikajifanya sijayaona, naye akajifanya hajui kuwa nimejifanya. Akasema asante. Baba Mkwe, tumeoana miaka kumi na mmoja na asante zake zote nazijua. Ile siijui. Katika barua yote hii, hilo ndilo linaloninyima usingizi, na sijui niliweke chini ya kichwa gani cha habari.

7. Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba yafuatayo:

(a) Uandike na kutia sahihi kwamba trekta lilitoka kiwandani likiwa na kasoro ya tabia.

(b) Uthibitishe kwamba umeme hauonekani kwa macho, na kwamba mtu hawezi kulaumiwa kwa kukosea upande ambao hakuuona.

(c) Uthibitishe kwamba binti yako alipatia kwa kubahatisha.

(d) Ikishindikana yote hayo, ufanye safari uje hapa, ukosee kitu mbele yake. Kidogo tu. Hata kufunga lango vibaya kunatosha. Nataka aone kwamba hata kwao wanaume hukosea, na nyumba zao husimama.

Msalimie sana mama mkwe na umwambie kikohozi changu kimepoa. Wasalimie mashemeji wote, hata yule mkubwa ambaye najua atakusomea barua hii kwa kicheko.

Mimi mkweo, mwenye heshima nyingi na trekta moja lisilowaka,

Karani wa Ghala

Tanbihi: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha leo asubuhi niliposikia injini. Kumbe binti yako aliipeleka betri kwa fundi redio ikachajiwa. Amezigeuza nyaya, chanya kwenye bodi. Amekifungua kile kiboksi, akasugua vyuma vyake vilivyoungua kwa msasa laini, akaigusisha dainamo na betri kwa kipande cha waya, kufumba na kufumbua, ili dainamo irudi kuvutia upande mmoja na betri, na trekta likawaka. Mshale umelala kulia. Halafu akachukua kisu, akakwangua rangi karibu na usukani, na chini yake kukatokea kibao cha chuma kinachosema waziwazi kwamba chanya inafungwa kwenye bodi. Rangi hiyo niliipaka mimi mwaka juzi, tena mara mbili ili ishike.

Nilimuuliza kwa nini hakunionyesha kibao hicho tangu zamani.

Akasema, "Nilikuonyesha. Ulikuwa umeshika brashi."

Basi namba 1 hadi 7 zifutwe zote. Nilitaka kuichana barua hii, lakini ameshaisoma. Kwenye malengelenge alivitazama viganja vyake. Kwenye 7(d) alicheka mpaka akakaa chini, na kicheko hicho nakijua. Amesahihisha herufi mbili, akasema iende kama ilivyo, tena ataipeleka posta mwenyewe, kwa trekta. Mimi nimeambiwa nikae juu ya madigadi, lile bati linalofunika tairi la nyuma, nishike bahasha isipeperuke. Nakatisha hapa, maana ananipigia honi.