Sweta Ndani ya Bomba

Jumatatu, 3 Juni
Daktari kasema moyo umechoka. Kanihesabia miezi. Sitaki kufa na mzigo huu: nitamwungamia mke wangu. Miaka thelathini iliyopita, nikiwa Mkaguzi wa Sayansi, nilizunguka shule zote nikihubiri majiko banifu. Kuni chache! Moshi nje! Nyumbani kwangu jirani yetu Fundi akajenga la kwanza mtaani, la udongo, na bomba lake. Maharage yakatoka bila harufu ya moshi. Kama dawa ya hospitali! Nikaziba bomba kwa sweta kuukuu. Jiko likafuka, mke wangu akamtukana Fundi mbele ya majirani, tukalibomoa, tukarudi kwenye mafiga. Mtaa unamwita Fundi Moshi mpaka leo. Mke wangu anakohoa mpaka leo.
Nitaungama akimaliza kufua.

Jumanne, 4 Juni
Sikuungama. Nguo zilikuwa nyingi.
Dada wa mradi wa nishati kaleta jiko jipya la bati, bomba refu. La majaribio, siku saba. Kwa nyuma kuna kidude cha kupima joto. Lisipotumika, linahamia nyumba nyingine. Mke wangu kalipangusa kama mtoto mchanga. Nikaomba sufuria moja tu ya maharage ya kwenye mafiga, iwe wosia wangu. Kanijibu wosia huandikwa kuhusu shamba, mzee wangu, si maharage.

Alhamisi, 6 Juni
Mke wangu hajakohoa tangu jana. Vizuri. Maharage ni maji matupu. Vibaya. Nimefungua skrubu mbili kwa kisu, nikakifunga kidude kwenye mfuko wa nailoni, nikakitumbukiza kwenye mtungi wa maji baridi. Kuinama kulikaribia kunimaliza kabla sijaungama. Lakini sayansi bado ninayo!

Jumanne, 11 Juni
Alfajiri nilikirudisha kidude mahali pake. Dada akakisoma: jiko halijawaka tangu Alhamisi. Linahamia kwa Fundi Moshi! Mke wangu akaapa anapikia humo kutwa mara tatu. Dada akasema kwa upole, mama, kidude hakina sababu ya kudanganya. Mke wangu akakaa kwenye kigoda, akasema haya, kifua changu si kigeni kwenye moshi. Hakulia. Hapo ndipo niliposhindwa. Nikaungama yote, kidude na sweta.
Kauliza sweta lipi. La kijani, nikasema. Kasema alilifuma mwenyewe, na alilitafuta mwaka mzima. Kisha akaninyooshea mkongojo: kwa Fundi, kesho, kwa miguu yako.

Jumatano, 12 Juni
Nimefika kwa Fundi baada ya kupumzika mara tatu. Kasikiliza mpaka mwisho. Akasema, Mkaguzi, binti zangu wameolewa wakiitwa watoto wa Moshi. Nikaomba radhi. Nikadhani nitafia pale. Kisha kasema atakuja kula Jumapili, na majirani watakuwepo, na nitasema nikiwa nimesimama.

Jumapili, 16 Juni
Nimesema, nikiwa nimesimama. Majirani saba. Fundi kalikagua bomba, kasema limefungwa sawasawa; wote wakamwita Fundi tu, bila Moshi. Dada wa mradi, aliyesikia ungamo langu, karidhia: jiko linabaki. Mke wangu kapika maharage, wageni wamesifu. Nafsi imetakata. Naweza kufa hata kesho.
Ila nikifa kesho, nitakufa na ladha hii mdomoni. Nimepima tundu la bomba kwa macho: soksi moja inatosha. Sweta lilizidi, ndilo lilikuwa kosa. Nikishaonja nitaungama. Sasa nimezoea.