Ripoti ya Kisima cha Mzee Birika

Takwimu alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, ndevu za upande mmoja zimeshanyolewa, Mungu alipomshushia riziki. Riziki yenyewe ilikuwa mzee mmoja mfupi aliyekaa kwenye benchi akilalamika. Mtaa mzima ulimwita Birika, kwa kuwa mkono wake, kama ule wa birika, haukuwahi kunyooka kumpa mtu kitu.

Birika alikuwa na nyumba ya kupangisha yenye vyumba kumi na viwili, kisima kimoja na choo cha shimo kimoja, na hivyo viwili vya mwisho vilikuwa majirani wa karibu mno. Wapangaji waliharisha kwa zamu, kama walinzi. Sasa bwana afya wa manispaa alikuwa amempa siku kumi na nne: ahamishe choo na ajengee kisima upya, la sivyo nyumba inafungwa. Fundi alitaka milioni nne.

"Milioni nne, kwa ajili ya matumbo ya watu," alisema Birika kwa sauti ya mfiwa.

Takwimu akausogeza taratibu wembe wa kinyozi. Jina hilo la Takwimu alijipa mwenyewe, baada ya kubeba viti kwenye semina ya siku tatu iliyohusu gharama na faida katika huduma za afya. Aliondoka pale na kalamu kumi na moja na maneno mazito kama matano.

"Shikamoo mzee wangu. Hivi kuna mtu amekupigia hesabu ya faida?"

"Faida gani tena?"

"Duniani kote hawatibu ovyo. Wanauliza kwanza: gharama kiasi gani, na afya inayopatikana kiasi gani. Gharama ikizidi, mradi unaachwa. Bwana afya hawezi kubishana na hesabu, ataonekana hakusoma."

Birika, ambaye hakuwahi kusikia elimu tamu kiasi hicho, alisogea karibu. Walikubaliana laki sita: nusu papo hapo, nusu siku ripoti itakaposomwa uani mbele ya bwana afya na wapangaji. Ile nusu ya kwanza aliitoa kama mtu anayeng'olewa jino.

Kesho yake mtaalamu alifika kwenye ile nyumba na kikokotoo mkononi, amevaa koti jeupe aliloazima kwa muuza nyama, likiwa limefuliwa kwa kadiri ya uwezo wa sabuni. Alipita chumba kwa chumba akiuliza watu wameharisha mara ngapi, kwa siku ngapi, na kwa mtindo gani. Chumba namba tatu alimkuta Mama Pindo, fundi cherehani, ambaye mjukuu wake alikuwa ametundikiwa dripu mara mbili mwaka ule. Mama alijibu kila swali kwa adabu, kisha akauliza moja la kwake.

"Na hiyo faida mnayoipima, mwanangu, ni ya nani?"

"Ya mwenye mradi, mama."

"Yaani mzee. Matumbo yetu hayamo?"

"Yamo, mama. Kwenye kiambatisho."

Mama Pindo akakata uzi kwa meno na kurudi kwenye cherehani yake. Waliomfahamu wangeanza kuogopa hapo hapo.

Siku ya ripoti ua ulijaa. Takwimu alisoma kwa dakika arobaini. Alithibitisha kwamba mpangaji akiugua, ujira unaopotea ni wake mwenyewe. Dawa ananunua mwenyewe. Na kodi analipa vilevile. Hivyo faida ya ukarabati kwa mwenye nyumba ilikuwa sifuri, ikilinganishwa na gharama ya milioni nne, na sifuri, alieleza kwa huzuni ya kitaalamu, ni ndogo. Bwana afya, kijana mpole mwenye faili, alikuna kichwa. Hakuwa na namba za kujibu, na yule mwenye namba alikuwa amevaa koti jeupe. Takwimu alianza kusikia harufu ya zile laki tatu zilizobaki.

Ndipo Mama Pindo akaja na sinia, jagi na glasi tatu. Alisema wageni wamezungumza sana, makoo yatakuwa yamekauka, wanywe basi maji ya nyumbani. Bwana afya alionyesha chupa yake. Birika alisema amefunga, ingawa mdomoni alikuwa na njugu.

Macho yote yakahamia kwa mtaalamu.

"Karibu, mwanangu," alisema Mama Pindo. "Umeyatetea vizuri."

Takwimu akapiga hesabu ya kwanza ya kweli maishani mwake. Huku laki tatu, huku glasi moja. Akanywa yote, akajipangusa mdomo, akafungua ukurasa uliofuata.

Mama Pindo alipokea glasi na kumgeukia bwana afya, kana kwamba anaendeleza maongezi ya zamani. Alimweleza kwamba mjukuu wake alikunywa kikombe hivihivi Jumanne, na kufika Alhamisi wauguzi walikuwa wanautafuta mshipa hawauoni.

"Ila yule ni mtoto," akaongeza. "Wakubwa ugonjwa huu huwashika haraka zaidi, sijui kwa nini."

Tumbo la Takwimu likanguruma. Lilikuwa na njaa tu, lakini mwenyewe hakulielewa hivyo.

"Naomba kusahihisha kidogo," alisema, na jasho likamtoka. Aliyatoa matumbo kwenye kiambatisho na kuyaweka ukurasa wa kwanza. Akaongeza dripu, nauli, siku za kazi zilizopotea, na uhai wa mtu mzima mwenye elimu, ambao alisema hauna bei. Jumla yake, faida ilizidi gharama mara kumi na moja, na ukarabati uanze leo. Bwana afya akamwomba asaini. Alisaini kila ukurasa, magoti yamebanana.

"Ulisema ni sayansi," alinong'ona Birika.

"Imebadilika, mzee," alijibu Takwimu, akiwa ameshafika mlangoni.

Alikimbilia hospitali binafsi yenye vioo vingi. Walimpima damu, choo na mkojo, wakapiga picha ya ini ambalo hakulilalamikia, wakamlaza siku mbili kumwangalia. Kila alipouliza bei, daktari alimwambia afya haina bei, kwa sauti laini ambayo Takwimu aliitambua, maana ni yake. Laki tatu ziliisha zote, na simu ikabaki rehani. Majibu yalisema hana ugonjwa wowote.

Alirudi moja kwa moja chumba namba tatu.

"Mama, yale maji."

"Yalichemka mpaka mfuniko ukacheza. Ulidhani nitampa mgeni maji ya kile kisima? Nimeunguza mkaa wa siku mbili kwa ajili yako. Ningekuwa na mkaa wa hivyo kila siku, mjukuu wangu asingelazwa."

"Umenila, mama."

"Nimekula nini? Hela si wanazo hospitali?"

Takwimu alitafuta kosa kwenye jibu hilo, asilione. Nje mafundi walikuwa wakichanganya zege, na Birika, aliyekalia mfuko wa saruji kama mtu anayelinda maiti, aliinua kichwa akamwona. Akasimama na sepetu.

Mama Pindo hakuinua hata mguu kwenye cherehani. Alimwambia Takwimu apitie mlango wa nyuma, ila awe mwangalifu, choo cha zamani kimeondolewa mfuniko tangu asubuhi na bado hakijafukiwa.

Takwimu alisikia mpaka kwenye maneno "mlango wa nyuma" tu; yaliyofuata yalimkuta ameshatoka mbio.