Mama Sampuli Akataa Kuhamia Kwenye Udongo

Kwa Mkuu wa Idara ya Saikolojia,
Ghorofa ya pili, mlango wenye kibandiko cha "Gonga, Kisha Subiri".

Ndugu Profesa,

YAH: KUPINGA UHAMISHO WA BINADAMU MMOJA KWENDA IDARA YA UDONGO

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini mgongo wako umepata nafuu tangu ulipobadilishiwa kiti. Mimi ni mhudumu wa chumba cha chai cha idara yako, niliyekifungua kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa, ambaye wanafunzi wananiita Mama Sampuli. Nimeipokea barua yako ya Jumatatu, ile uliyonipa mwenyewe niipeleke masjala ikagongwe muhuri, halafu nijirudishie. Inasema kuanzia tarehe mosi nihamie Idara ya Sayansi ya Udongo, kule nyuma ya karakana, "kwa ridhaa yake mwenyewe". Kuhusu hiyo ridhaa, naomba tusiharakishe. Kwanza nina malalamiko, na kwa kuwa nimeishi na wasomi, nimeyapa namba.

1. Sababu ya uhamisho si ya haki. Barua inaeleza kwamba mkaguzi kutoka nje alisoma tasnifu za idara, akagundua kuwa mwanamke mmoja wa makamo, mwajiriwa, aliyeolewa, mwenye alama ya vema yenye mkia mrefu, yumo katika tasnifu arobaini na mbili. Akauliza huyo ni nani. Badala ya kumleta chumba cha chai tukajuana, wewe ukaniandikia uhamisho "ili kuwapisha washiriki wapya".

Washiriki wapya wako wapi, Profesa? Mwanafunzi anaambiwa alete watu thelathini wa kujibu dodoso lake. Anazunguka mjini wiki mbili, watu wanamkwepa kama anayegawa mitihani. Anarudi na ishirini na wanane, anakaa chumba cha chai, anakodolea macho kikombe kisicho na kitu. Wa ishirini na tisa ni mimi. Wa thelathini ni mlinzi wa geti, ambaye hujaza akiwa amesimama na haulizi swali. Siku ya mahafali mnawapigia makofi wenye majoho, na ni sawa, lakini usione vyaelea, vimeundwa.

2. Idara inatupa hazina yake yenyewe. Karibu kila kinachojulikana katika jengo hili kuhusu mwanadamu kimepitia kwangu. Nimekariri maneno ishirini na kuyasahau kwa mpangilio uliotakiwa. Nimetazama madoa ya wino nikasema naona popo. Mwaka mmoja niliwekwa katika kundi lililopewa vidonge vya sukari na pia katika kundi ambalo halikupewa kitu, nikapata nafuu kote kuwili. Kitabu chako, ukurasa wa themanini na tatu, kinasema kwamba watu wazima wanaofanya kazi majengoni huogopa milango inayojifunga yenyewe. Hao watu wazima ni mimi. Ni ile siku stoo ya karatasi iliponifungia hadi saa tisa alasiri, ufunguo ukiwa mfukoni mwako, na ulipofungua tayari ulikuwa umeshika dodoso. Leo vijana wa vyuo vingine wanaikariri hofu yangu ili wafaulu mtihani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunipa pole.

3. Naomba uyatazame matokeo. Kila mwanafunzi hapa huanza na nadharia tete, yaani kile anachokikisia kabla hajamwuliza mtu. Siku ya mahafali ulisema kwa kipaza sauti kuwa idara hii inakisia kwa usahihi kuliko zote chuoni. Nilikuwa napita nyuma yako na sinia la vikombe, nikaona fahari. Ila hukuutaja ule mwaka mmoja binti yangu alipojifungua nami nikachukua likizo. Mwaka ule wanafunzi saba walikisia, na makisio saba yakaanguka. Mmoja alilia kwenye ngazi mpaka mhadhiri wa takwimu, tunayemwita Wastani, akamletea leso yake mwenyewe, jambo ambalo halijatokea tena. Wewe ulisema ni joto. Mimi nikarudi, nikafungua chumba cha chai, na ndani ya muhula mmoja mambo yakanyooka. Asiyekuwapo na lake halipo, na nilipokuwapo, lilikuwapo. Sikusoma takwimu, lakini nimefuta vumbi kwenye grafu nyingi.

4. Madhara yaliyonipata hayarekebishiki, na idara ndiyo iliyoyasababisha. Nyumbani siwezi tena kuishi kama watu. Mume wangu, dereva mstaafu, mtu asiyependa maneno, akisema mboga ni nzuri namwuliza ni nzuri kidogo, nzuri kiasi, au nzuri sana. Akinyamaza, namwandikia "hakujibu". Juzi aliweka kijiko chini, akaniuliza kwa upole kama anaruhusiwa kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Nikamwambia anaruhusiwa, ndivyo fomu zinavyosema. Akajitoa, akaenda kumalizia chakula kwa jirani.

Mtu aliyefikishwa hapo mnampeleka kwenye udongo? Nilikwenda kupaangalia Jumanne. Wana magunia, ndoo, oveni ya kukaushia, na mtaalamu mmoja aliyeuangalia udongo uliokuwa kwenye viatu vyangu kwa muda mrefu kabla ya kuniangalia mimi. Hawana neno baya. Lakini udongo huchimbwa, hukaushwa, huchekechwa, ukaandikiwa namba. Hauulizwi unajisikiaje.

Hapa niliseme lililo moyoni bila kipimo cha moja hadi tano. Katika maisha yangu nimetumwa sana na kuulizwa kidogo. Nilikuja idara hii kuosha vikombe, na wiki ya pili binti mmoja akanipa karatasi iliyoniuliza kama katika siku saba zilizopita nimewahi kuhisi huzuni bila kujua sababu. Niliisoma mara tatu. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, si mama yangu, si mume wangu, si daktari. Binti yule akasubiri jibu. Sitaki kuondoka mahali ambapo watu husubiri jibu.

5. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, idara ikome kuniita mshiriki. Mshiriki ni yule anayekuja mara moja. Mimi ni umma. Tasnifu inapoandika "watu wa eneo hili", iongeze kwa haki, "pamoja na mlinzi wa geti".

La pili nimelifikiria zaidi. Mwaka juzi kabati la maabara lilipotakiwa kusogezwa kutoka chumba cha nne kwenda cha sita, kikao kilikaa mara mbili na sahihi tatu zikahitajika, kwa sababu kabati limo kwenye daftari la vifaa. Mimi nimehamishwa jengo zima kwa sahihi moja, na hiyo moja ni yangu. Naomba basi niingizwe kwenye daftari la vifaa. Nafasi ipo kati ya projekta na ule ubongo wa plastiki, ambao nimeufuta vumbi kwa miaka kumi na tisa na hakuna aliyewahi kuuhamisha hata sentimita moja. Niko tayari kuandikwa namba kwa rangi nyeupe kama vifaa vingine, isiwe tu kwenye paji la uso. Nikiharibika, nitengenezwe. Nikishindikana kabisa, kikao kikae.

Nisalimie Wastani, mwambie leso yake imefuliwa na iko kwenye droo ya vijiko. Salamu kwa karani wa masjala aliyegonga muhuri akiwa ameangalia dirishani, kwa mlinzi wa geti, kwa wanafunzi wote ambao bado hawajafikisha thelathini, na kwa mama watoto wako, ambaye naamini naye anaulizwa maswali.

Ni mimi niliye bado na ufunguo wa chumba cha chai,

Mama Sampuli
(mwanamke, wa makamo, mwajiriwa, ameolewa)

Nyongeza: Nimeisoma tena barua hii kabla ya kuifunga, nikaona namba tatu itanitia matatani Wastani akikaa na kikokotoo chake. Bora niseme mwenyewe. Majibu yale hayakuwa yangu. Mwanafunzi akishanipa dodoso haendi mbali. Husimama pale penye sinki, ananitazama kalamu. Kalamu ikielekea kwenye "hapana", uso unamkunjamana. Ikirudi kwenye "ndiyo", anapumua. Mtoto wa watu hajala tangu asubuhi, kwao wanamsubiri amalize. Ningefanyaje? Dodoso nililijibu kwa kusoma nyuso, mara zote arobaini na mbili. Hata milango siiogopi. Siku ile ya stoo nililala juu ya maboksi, sikuwahi kupumzika vile. Ila ulipofungua ulikuwa na hamu sana.

Na Ijumaa iliyopita, ulipoleta ile fomu ya ridhaa ya uhamisho, ulisimama palepale penye sinki. Ukasema, "Mama, weka alama tu hapo, ni utaratibu." Nikakutazama usoni, Profesa, nikaweka vema kwenye "Nakubali kwa hiari yangu".

Naomba fomu nyingine. Iache mezani, utoke, na ukitoka ufunge mlango.