Ziara ya Domitila kwa Malori ya Kampeni

Jumatatu, 9 Oktoba 2000

Domitila ameshuka! Treni imechelewa, maswali yake hayajachelewa. La kwanza, tukiwa bado stesheni: mbona hakuna anayekusalimia? Ana haki ya kuuliza. Kwenye barua zangu zote nimemwandikia kwamba mumewe hapiti mtaa Kigoma bila kusimamishwa na watu. Nimemjibu kwamba watu wa huku wana adabu, hawamsumbui mtu mwenye mgeni. Amenipa sanduku nibebe.

Mambo yako hivi. Mimi ni mpima ardhi msaidizi, nimeletwa huku na kazi. Mke wangu ni mwalimu Njombe, yuko likizo, anaondoka na treni ya Jumapili. Akiupenda mji ataomba uhamisho, tukae pamoja kama wanandoa wengine. Asipoupenda, ni mimi nitakayeomba kurudi, tukae uani kwa mama yake. Uani! Kwa mama mkwe anayenichungulia nikitia sukari kwenye chai! Na nimechoka kula peke yangu, hilo nalo niliseme.

Kwa hiyo mji lazima upendwe. Nimemwahidi Ujiji. Nimemwahidi ufukwe wa Bangwe. Nimemwahidi taa za wavuvi ziwani, zinavyowaka giza likiingia utadhani kuna mji mwingine juu ya maji. Ruhusa kazini ninayo mpaka Alhamisi, usafiri ndio sina. Jirani yangu Pastory, mhasibu kutoka Bukoba, ana pikipiki. Nimemwomba. Amesema pikipiki ina mafua. Mkewe Melania alihamia hapa Pasaka tu, na tayari wanajiita wenyeji.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimepata akili! Imenijia kwa Mama Ishimwe, hapa Mwanga sokoni, tulikokwenda kunywa chai. Mama Ishimwe aliletwa kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake. Kura hana. Maoni anayo kuliko sisi sote, na kabla ya kumchagua mtu, nusu ya soko hupita kwake kwanza.

Leo walikuwa wanabishania udiwani wa Bangwe. Fundi cherehani mmoja alisema atamchagua Hamdani, kwa sababu Hamdani alishakuwa diwani, alishakula, ameshiba. Muuza viatu akasema bora Bonaventura, ana njaa lakini hajajua chakula kinawekwa wapi. Domitila, mgeni wa siku moja, akaingilia kati! Akauliza ni nani aliyewahi kushiba jana akakataa kula leo. Kicheko. Mama Ishimwe akaitikia kwa Kirundi chake, “Ego, Mwalimu! Huyu ana akili, mwongezeeni chai.” Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Alinikanyaga vilevile, kwa nguvu zaidi.

Wakati huohuo lori la Hamdani likapita likiwa na spika na watu wenye fulana za rangi ya chungwa. Nyuma yake la Bonaventura, fulana za zambarau. Kata wanayogombea ni moja lakini wanazunguka mji mzima, kila mmoja akimringia mwenzake. Hapo ndipo akili iliponijia. Unavaa fulana, unapanda, unapiga kelele kidogo, unaona mji. Bure! Kesho lori la chungwa linakwenda Ujiji. Keshokutwa la zambarau linakwenda Bangwe. Pastory na abaki na pikipiki yake, aipake dawa ya kifua.

Domitila nimemwambia rafiki zangu wametupa gari.

Jumatano, 11 Oktoba

Tumeona Ujiji! Sehemu yake, angalau. Domitila aliona zaidi mgongo wa mtu mnene aliyesimama mbele yake. Mimi nilikuwa namwelekeza kwa kupaza sauti: ule msikiti wa zamani, ile njia waliyopita watu wa misafara, ule mnara wa Wazungu wawili waliokutana hapa. Spika ikawa inasema Hamdani, Hamdani, Hamdani. Baadaye aliniuliza kama ule msikiti uliitwa Hamdani.

Hata hivyo jioni iliniokoa. Mkutanoni mshika kipaza sauti alitugundua kuwa wageni, akauliza tumetoka wapi. Nikasema tumetoka Njombe kuja kumsikiliza Hamdani. Basi! Akatangaza kwamba sifa za Hamdani zimefika Njombe, na watu wamefunga safari kuzifuata. Uwanja ulilipuka. Wanaume kibao walikuja kunipa mkono. Nilimwambia Domitila, unaona ninavyojulikana? Akasema ndiyo, wamekujua leo saa kumi.

Fulana imembana kidogo. Mji haulaumiwi kwa hilo.

Alhamisi, 12 Oktoba

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi. Hapana, siwezi kwa ufupi.

Asubuhi tulivaa zambarau, tukapanda lori la Bonaventura. Bangwe ni pazuri, sikatai. Ziwa limetulia, milima ya Kongo inaonekana ng’ambo, upepo unavuma. Domitila alishusha pumzi na kutabasamu. Nikasema moyoni, Oswald, umeshinda. Mshika kipaza sauti akauliza wageni wametoka wapi. Nami nikajibu bila kufikiri: Njombe, tumekuja kumsikiliza Bonaventura!

 Mtu mmoja nyuma akapiga ukelele, “Eee! Si yule wa Njombe wa jana?” Mwingine, “Ndiye! Jana alikuwa chungwa!” Nikatazama vizuri zile sura. Zilezile! Mikono ileile niliyoshikana nayo Ujiji!

Ningejuaje? Njombe hatuna ziwa. Mzee mmoja mvuvi, Martini, ndiye aliyenifafanulia, na wakati huo nilikuwa nimeshapandishwa juu ya mtumbwi uliopinduliwa ili kila mtu anione. Mwezi ukiwa mkubwa, dagaa hawafuati taa. Kwa hiyo wiki hii hakuna anayeingia ziwani. Wavuvi wote wa Bangwe wako nchi kavu, hawana shughuli, wanakwenda kila mkutano wa kila mgombea popote ulipo, hata Ujiji wanabebwa. Wagombea nao wanalijua hilo, ndiyo maana kampeni zote wamezirundika kwenye mbalamwezi. Mji mzima unalijua isipokuwa mimi. Na taa nilizomwahidi mke wangu? Hakuna hata moja, mpaka mwezi upungue.

Wakanitaka nichague hapohapo, Hamdani au Bonaventura.   Ndipo Domitila akapanda mtumbwini! Akasema, “Shikamooni wazee. Huyu ni mume wangu. Hana chama. Hana gari. Anataka nione mji ili nisimwache peke yake, na kama kungekuwa na lori la mazishi tungepanda hilo.” Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilitamani ziwa linimeze. Kisha, maadamu alikuwa amesimama, akamgeukia Bonaventura akamuuliza kwa nini shule tuliyoipita njiani watoto wanasomea nje, na yeye binafsi atafanya nini, kwa maneno, bila wimbo. Bonaventura alijibu kwa wimbo. Wavuvi wakamzomea, wakampigia makofi mke wangu.

 Tulipofika mlangoni akasema njia ya mwongo ni fupi. Treni ni Jumapili. Nimeanza kuuona ule ua wa mama mkwe.

Ijumaa, 13 Oktoba

Sasa ninajulikana kweli. Nusura nishindwe kufika kazini kwa salamu. Wa Njombe! Bwana Fulana Mbili! Hujapata ya tatu? Watoto nao, na Melania, akiwa amesimama mlangoni kwake. Ofisini mkubwa ameniita. Amenikumbusha kwamba mtumishi wa umma hatakiwi kuegemea upande. Kisha akafikiri, akasema kwa kuwa nimeegemea pande zote, safari hii anasamehe.

Domitila hajulikani kama mke wangu. Anajulikana kama Mwalimu. Amekaa kwa Mama Ishimwe kutwa nzima akiulizwa maoni. Hamdani mwenyewe alikuja, akaulizwa habari ya shule, akajibu kwa maneno, ila hayakuwa mengi. Jioni Pastory alibisha hodi kwangu. Pikipiki imepona ghafla, eti kama Mwalimu angependa kuzungushwa. Domitila alishukuru, akasema mji ameshauona.

Ameshauona! Sauti ileile anayotumia kumwambia mwanafunzi akae chini. 

Jumamosi, 14 Oktoba

Anabaki! Anabaki! Anaomba uhamisho! Jumapili hapandi treni, anamaliza likizo hapa, anataka kuziona hizo taa mwezi ukipungua, na barua ya kuomba atatuma kwa posta.

Nilimuuliza ni Ujiji au Bangwe iliyomvutia. Akasema hapana, ni kwamba Njombe hakuna aliyewahi kumpigia makofi akiuliza swali. Mama Ishimwe naye alimwambia watu wanaoishi vizuri mahali ni wale wenye neno la kusema hapo, na yeye hata kura hana. Kisha akanishika mkono. Akasema na wewe nilikuwa na hamu nawe, mpumbavu mkubwa. Nililia kidogo. Ni moshi wa jiko.

Ana sharti. Nisiseme tena uongo kwa sababu yake, na nisiwaahidi watu kisichokuwa changu. Nimeapa kwa jina la marehemu baba. Nimeapa kwa moyo wote.

Jumapili, 15 Oktoba

Treni imeondoka bila yeye! Tulisikia honi tukiwa kwa Mama Ishimwe, na Domitila hakugeuza hata kichwa. Furaha niliyonayo haina mfano.

Limebaki suala dogo la vyombo vyake. Vitanda, kabati, mashine ya kushonea, vyote vitakuja kwa treni. Vya Melania vilitolewa stesheni kwa mkokoteni, mtaa mzima ukitazama. Vya Mwalimu haiwezekani. Kwa bahati nimekutana na Hamdani baada ya misa. Nimemhakikishia kwamba mke wangu atapanda jukwaani kumsemea siku ya kufunga kampeni. Amefurahi sana, ametoa lori. Kona ya pili nikakutana na Bonaventura. Alionekana mnyonge. Nikamwonea huruma, nikamhakikishia vilevile, naye akatoa lori lake.

Domitila sijamwambia bado. Analala vizuri, sitaki kumwamsha kwa habari njema. Ila Pastory nimemwambia, nikiwa uani, kwa sauti: malori mawili!